Rangi Nyekundu kwenye Tanki

Jumatatu, 4 Agosti
Tanki la paani limekauka tena, na hakuna aliyeoga! Baba anasema ardhi inatunywea maji.
Ijumaa anakwenda shuleni kunichagulia masomo. Yeye anataka biashara. Mimi sayansi. Kumwambia siwezi, mbele yake sauti hunikauka. Basi nitamwonyesha: nitapata panapovuja kabla ya Ijumaa. Kitabu cha sayansi kinasema utie rangi kwenye maji, itakapojitokeza ndipo penyewe. Rahisi mno!

Jumanne, 5 Agosti
Tanki limejazwa tena, nami nimemimina humo chupa mbili za rangi nyekundu ya keki. Kitabu kilisema matone. Kitabu hakijaliona tanki letu.
Bibi ametoka bafuni na taulo, akipiga yowe kwamba anakufa. Mashati meupe ya Baba sasa ni ya waridi. Mama ameuliza nani kafanya hivi. Nimezama kitabuni.
Dada, tunayemwita Wakili kwa kuwa hakosi hoja, amelalamika kwamba choo kinachuruzika wekundu hata kabla mtu hajavuta maji. Nimemwambia asinichafulie utafiti kwa habari za chooni.

Jumatano, 6 Agosti
Nimepata! Dimbwi jekundu uani, pale gari la Baba linapolala. Bomba limepasuka chini yake, hakuna ubishi.
Wakili akabisha. Eti bomba linapita upande wa jikoni. Akaniita Profesa wa Madimbwi. Nimemjibu kwamba mabomba hayamwombi ruhusa ya kupita.

Alhamisi, 7 Agosti
Baba kazini, uani peupe. Nimechimba hadi magotini. Mama husema ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Nimeinama. Mawe matupu.
Nikageukia jikoni, ili tu Wakili anyamaze. Sururu ikagonga bomba. Maji yakaruka hadi dirishani! Haya, si nilisema bomba limepasuka? Niliwahi kidogo tu.
Baba akarudi. Gurudumu la mbele likaingia shimoni.

Ijumaa, 8 Agosti
Fundi gari amekuja kulinasua. Amechungulia chini, akacheka. Dimbwi langu ni maji ya rejeta, yanayopoza injini, na ya gari letu huwa mekundu siku zote. Rejeta imetoboka.
Fundi bomba naye ameziba nilipopasua, kisha akabadilisha mpira uliochakaa kwenye tanki la choo. Kumbe maji yetu yote yalikuwa yakiishia humo. Wakili amempigia fundi makofi. Mara ya kwanza maishani mwake.
Nikajikaza. Nikamwambia Baba, kwa sauti ya kusikika, kwamba nataka sayansi. Akakunja mikono ya shati lake la waridi. Akasema heri nikafundishwe na wanaojua kuliko kujifundishia uani kwake.
Sayansi! Nimeshinda!
Utafiti ulikuwa sahihi. Choo kilikuwa bahati ya Wakili tu. Kosa ni la rejeta, kuvaa rangi yangu.
Nimeshanunua ya kijani. Chupa tatu. Kesho tanki linajazwa, na Bibi ndiye huoga wa kwanza.