Muuguzi Nalotuesha Ahamishwe, Anautumia Utafiti

Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya, Karatu.

Mheshimiwa Daktari,

Kwa heshima na hofu, naomba Muuguzi Nalotuesha ahamishiwe Samunge kabla hajatuharibia kituo.

Ile semina ya usalama wa mgonjwa pale lojini ilitupatia fulana, mikoba na kijitabu cha matokeo ya utafiti. Vijitabu tulivifungia kabatini, kama inavyostahili vitu vya thamani. Yeye alikisoma chake.

1. Yeye hamchomi mtu sindano mpaka ataje jina lake. Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi: wanawake wa boma moja nawaandika wote "Mke wa Sironka", na nikiita, huingia aliye karibu na mlango. Juzi waliinuka watatu. Nalotuesha akamuuliza kila mmoja jina lake, ikabainika kwamba Nasieku, ambaye penisilini humvimbisha koo, alikuwa ameshika cheti cha mke mwenzie cha penisilini. Nasieku yu mzima, lakini foleni ilichelewa mno.

2. Ananawa mikono kila amalizapo mgonjwa. Bango la "Nawa Mikono" tulilibandika vizuri, likafunika bomba lote. Amelibandua ili afikie maji. Ni mali ya umma, Daktari.

3. Anataka kosa lisemwe ili lisirudiwe. Kabla hajaja, kituo hakikuwa na kosa hata moja. Taarifa zangu zote zinasema hivyo. Sasa makosa tunayo. Nani kayaleta?

4. Wagonjwa wameambukizwa kuuliza. Mzee Supeet wa Arash, aliyezoea kunyoosha mkono na kupokea, alinikazia macho: "Kijana, dawa hii ni yangu kweli?" Leo wanauliza dawa. Kesho watauliza kwa nini saa nne asubuhi daktari hajafika. Sisemi hujafika. Nasema watauliza.

Hivyo aondoke Ijumaa hii, na bango lirudi juu ya bomba.

Nisalimie mama watoto; Laurencia wa maabara na mlinzi wetu wanakusalimu.

Wako mtiifu, mwenye wasiwasi,
Josephati,
Karani wa Mapokezi.

Baada ya sahihi: Mama yangu analetwa Jumatatu kutoka Mbulumbulu. Naye hapatani na penisilini. Tafadhali uhamisho usubiri, na zamu ya Jumatatu awe Nalotuesha. Anawe mikono. Amuulize mama jina hata mara tatu. Foleni itavumilia.