Klarineti Kitandani

Jumatatu, 2 Desemba
Bi Roswitha, kiongozi wa bendi yetu ya ala za kale hapa Markneukirchen, katangaza. Ijumaa atatupima kanisani mimi na Gernot, wapuliza klarineti wake wawili. Mmoja atapiga ule wimbo wa polepole, peke yake, kwenye tamasha la Krismasi. Mwingine atakaa nyuma. Nyuma! Mimi! Nina miaka sabini na tisa, wimbo kama huo haunijii tena. Gernot alikuwa mwalimu, anasoma noti za muziki kama gazeti. Mimi na noti tunasalimiana kwa mbali tu. Lakini sikio! Sikio kama langu halipo Ujerumani nzima.

Jumanne, 3 Desemba
Nimepata! Kanisa lina baridi, na klarineti ya kale ikipoa sauti inashuka. Ya Gernot itashuka. Yangu itafika ina joto kama mkate. Baada ya chakula nimelala nayo chini ya mfarishi, na chupa ya mpira ya maji ya moto. Mke wangu Irmtraud kauliza nimemwoa yeye au kijiti. Nikamwambia asogee.
Nimeota theluji inapanda badala ya kushuka, kila chembe na sauti yangu ndani. Misonobari imeinama kusikiliza.

Jumatano, 4 Desemba
Ndoto tena. Napuliza, mawingu yanakaa chini kama kondoo. Nimeamka nimelowa. Chupa inavuja! Si neno. Mti wa klarineti ulikunywa mvua miaka mia.

Ijumaa, 6 Desemba
Klarineti imepinda. Kidogo. Basi, kama tango. Vibonyezo viwili havifuniki matundu. Gernot kauliza, mzee Leberecht, hiyo unapiga au unaikatia kachumbari? Nikamjibu wafalme wa zamani walizipenda hivi. Nikapuliza. Ikatoka sauti moja tu, ndefu, laini, kama ng'ombe anayeota. Nikafumba macho, nikaishikilia mpaka pumzi ikaisha. Bi Roswitha akasema taratibu, asante mzee wangu, keti. Wimbo kapewa Gernot.

Jumamosi, 7 Desemba
Gernot kaja na keki. Na klarineti yake ya pili, aliyorithi kwa babu yake, haina hata mkwaruzo! Eti niitumie huko nyuma, bendi bila mimi haina utamu. Ila niitunze, tafadhali sana. Irmtraud machozi yakamlenga.
Mimi nimeshajua kosa lilikuwa wapi. Chupa ilikuwa mbovu. Nimenunua mpya, kubwa zaidi. Klarineti ya Gernot ilikuwa baridi kama samaki, maskini. Sasa imelala katikati yetu, nimeifunika mpaka mdomoni.