Kitambaa cha Mama Chebet

Watu wangu, leo sina uso wa kuonyesha hapa Kapkatet.

Mimi ni karani wa ushirika wetu wa maziwa. Tumenunua kompyuta mpya, na wiki yote nimekuwa nikihamishia huko hesabu ya maziwa ya kila mkulima. Ile ya zamani, meneja akasema, iende mnada wa kanisa, lakini nisiache siri za watu ndani. Sasa mimi ni mtu wa kazi safi (ngojeni). Ijumaa nikafuta kila kitu kwa ile ya zamani. Lakini nilisikia vitu vikifutwa vinaweza kurudishwa, kwa hivyo jana nikaifungua kwa nyuma, nikatoa diski yenye kumbukumbu zote, nikaiponda na nyundo mpaka nikatoka jasho.

Nilijuaje ni ya zamani? Stima ilikuwa imepotea kwa hivyo singeweza kuziwasha, na zote mbili ni nyeusi, lakini ya zamani ndiyo hufunikwa na kitambaa alichoshona Mama Chebet, sekretari wetu. Miaka yote ni hivyo.

Leo baada ya ibada, mnada ukaanza. Kuku, malenge, kisha kompyuta na kitambaa chake. Pasta akanisifu kwa kutunza siri za watu. Nikasimama nikapunga mkono (yaani, nilipunga mkono!). Meneja akashindana bei na mzee mmoja mpaka akaipata, ya watoto wake. Makofi. Akatoa kitambaa.

Akainama kuiangalia. Ile plastiki ya dukani bado ilikuwa imeshika mbele.

"Hii si ni ile mpya?"

Mama Chebet akasema polepole kutoka kwa kwaya kwamba alihamisha kitambaa Ijumaa jioni, ile mpya isiingiwe na vumbi.

"Na ile diski uliponda?" meneja akaniuliza.

"Ni ya hiyo."

Ngai! Ya zamani nilishaifuta, na ya mpya nimeiponda: hesabu yote imeenda. Karibu kila mtu mle ndani hutuletea maziwa, na malipo ni wiki hii. Meneja amesema nirudishe hesabu yote kabla ya malipo, ama nitafute kazi kwingine.

Sasa nimekaa na simu nauliza wakulima mmoja mmoja. Sijui ng'ombe wa huku walikula nini mwezi huu. Jirani yangu, ambaye ng'ombe wake alikauka tangu Krismasi, ananiapia alikuwa anajaza mtungi kila asubuhi.

Msinicheke. Na kama wewe ni mkulima wetu, nikikupigia ogopa Mungu kidogo. Tumetoka kanisani sasa hivi.