Gari Langu Limeposwa

Kiponda, Unguja
9 Agosti 1971

Ndugu Mhariri,

Baada ya kukuombea uzima wewe na wapangaji wako wa herufi, naleta kwako malalamiko ambayo ningaliweza kuja kuyasema kwa mdomo, lakini kwa mdomo ningalitoka nje ya adabu.

Mimi ni karani mstaafu wa bandarini. Kwa miaka minane nimekuwa nikilitengeneza, uani kwangu, gari la Austin la mwaka 1932 nililolinunua kwa marehemu Taherali wa Mlandege likiwa vipande vipande. Tulivipitisha mlangoni kimoja kimoja, nikaviunga. Kazi iliyobaki ni ndogo: injini, magurudumu mawili, na njia ya kulitoa nje, kwani lilivyo sasa limeuzidi mlango kwa dhiraa moja. Mke wangu, Bi Tabia, ndiye aliyelipa jina la Bi Mdogo. Hoja yake ni kwamba mwanamme anayelala kwa mmoja na kushinda kwa mwengine, hesabu ya wake zake inajulikana. Mtaa mzima sasa unalijua kwa jina hilo.

Mwezi uliopita Bi Tabia alikwenda kwao Makunduchi kuoga mwaka, sikukuu yao ya mwaka mpya. Kabla ya kuondoka alinambia, kwa upole kabisa, kwamba hatorudi mpaka apate pahala pa kuanikia nguo. Siku hiyo hiyo tangazo likaletwa kwako. Lilikusudiwa liseme hivi: "Namuuza Bi Mdogo, wa mwaka 1932. Umbo zuri, hajamalizika. Anataka mtu mwenye subira. Njoo umtazame Kiponda, kwa Msabah Bakar, baada ya laasiri." Wewe, Ndugu Mhariri, ukachapa "Namuoza".

Ungaliondoa na ile "mu" pia, watu wangalielewa kwamba kinachooza ni mimi, nami nisingekanusha. Hukuiondoa. Madhara yake ni haya:

1. Jumanne alikuja Bwana Simai wa Kiembe Samaki, aliyefiwa na mkewe, pamoja na ami yake, kanzu zimepigwa pasi na kikapu cha halua mkononi. Gazeti nilikuwa sijalisoma, nikawadhania wanunuzi. Wakauliza Bi Mdogo ametoka kwa nani. Nikajibu, kwa Taherali, na kabla yake kwa daktari mmoja wa Kizungu. Ami mtu akakohoa. Wakauliza mwenendo wake. Nikasema ni mtulivu, ila zamani akipanda kilima alikuwa akichemka, na asubuhi za baridi hakuwa akiamka mpaka asukumwe. Wakauliza kasoro. Sikuwaficha, nikasema jicho moja halifanyi kazi na kwa chini kutu imemla. Bwana Simai akasema hata yeye si kijana, ana meno manne ya kubandika, na ameridhia. Nikamwingiza uani nikafunua shuka. Kwa kuwa salamu alikuwa keshaiweka tayari mdomoni, aliitoa. Halua tuliila sote watatu.

2. Ijumaa, mwalimu wa chuo chetu cha Kurani alinivuta kando baada ya sala akanikumbusha kwamba mume hawezi kumuoza mkewe mwenyewe. Ni lazima amwache kwanza, na eda ipite. Nikamwambia huyu yuko juu ya mawe tangu mwaka 1963. Akasema hayo ndiyo mateso yenyewe aliyokuwa akiyasikia.

3. Jirani yetu mwenye dhamana ya orodha ya mgao wa mchele na sukari aligundua kwamba nyumba yangu imeandikishwa watu wawili, na gazeti linataja wa tatu. Akataka kujua huyo wa tatu anakula nini. Nikasema petroli, lakini si siku hizi. Akaandika.

4. Hili ndilo zito. Gazeti lako linafika Makunduchi. Tangazo lilisomwa mbele ya mama mkwe wangu, Bi Mwatima, ambaye hajapata kufika Kiponda wala hajui kusoma. Akaniletea salamu kwa utingo wa basi kwamba mtoto wake harudi. Kwa maneno yake, mtu aliyeweza kumficha mke wa pili miaka minane, kisha akamuoza kwa gazeti, siku yoyote atamtangaza na wa kwanza. Hoja hiyo nimeitafutia kasoro sikuiona. Hii ni wiki ya tatu nakula mkate wa dukani na chai ninayoipika mwenyewe, na sinia la Bi Tabia lenye misumari na skrubu zangu bado liko pale pale alipolikasirikia. Nimemkumbuka sana mke wangu. Naliandika hili wazi kwa kuwa nimetafuta namna ya kuliandika kirasmi nimeikosa.

Sasa basi, Ndugu Mhariri. Habari ya posa imetoka kwako, kwa hivyo mshenga ni wewe, na mshenga ana wajibu wake. Naomba yafuatayo.

Kwanza, herufi u irudishwe kwa ukubwa ule ule. Nakubali kwamba "Namuuza Bi Mdogo" nayo haisomeki vizuri, na huenda ikaniletea askari, lakini askari nitamweleza.

Pili, ufuatane nami Makunduchi, umevaa kanzu, ukamfahamishe mama mkwe tofauti ya u na o. Kwa kuwa hasomi, chukua zile herufi zenyewe za risasi mnazochapia, azishike kwa mkono wake.

Tatu, gazeti lipumzishe herufi o kwa mwezi mmoja, iwe funzo. Nilijaribu kuiacha katika barua hii nikashindwa, lakini nyinyi ni mafundi.

Nne, yakishindikana yote hayo, mshenga aliyeharibu ndoa hubeba mwenyewe. Bi Mdogo nakuachia bila mahari. Njoo na nyundo ya kuvunjia ukuta.

Nisalimie nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na wapangaji wote wa herufi, hasa yule wa o.

Mimi, katika hali uliyoisababisha,
Msabah Bakar

Nyongeza: Wino haujakauka, Bi Tabia akaingia na kikapu cha makopa ya muhogo. Barua hii ameisoma yote kwa kusimama. Akafungua mtoto wa meza akatoa rasimu ya tangazo, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile mikono yangu ilikuwa na girisi. Mimi nilitamka, yeye akaandika, na yeye ndiye aliyelileta kwako akiwa njiani. Ni o, Ndugu Mhariri. Mviringo, imefungwa vizuri. Na aliyemsomea mamake gazeti pia ni yeye. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Uso uliokuwa nao siku ile, bwana, haukuwa wa mtu anayeuza. Ulikuwa wa mtu anayemuoza mwanawe." Kisha akasema wiki tatu nzima alikuwa akingoja nimfuate, nami nimekaa naandikia gazeti. Kwa hivyo u usiirudishe. Kamba ya nguo nimeshaifunga, ncha moja ukutani, ncha ya pili kwa Bi Mdogo.