Hema Nililoshona Mwenyewe

Jumamosi, tarehe 3 Agosti

Tumefika ziwani. Hema langu limesimama! Kijani, milango miwili, mifuko ya ndani ya miwani na tochi. Nimelishona mwenyewe, wiki mbili nzima, kwenye cherehani ileile ninayoshonea sare za shule. Mwanyumba wangu, aliyemuoa dada wa mke wangu, alitaka kuniazima hema lake la pili. La dukani. Fundi mzima niazime hema? Yeye ni mpima ardhi. Hata sufuria haiweki chini kabla ya kutazama mteremko. Kimoyomoyo namwita Bwana Vipimo.

Jambo kubwa lilikuwa mama mkwe alale wapi. Ametoka hospitali wiki tatu zilizopita, nimonia. Daktari kasema hewa ya ziwa itamfaa, ila kifua kisipate maji wala baridi, maana safari hii hakitastahimili. Bwana Vipimo akaniuliza mbele ya wote kama hema langu limejaribiwa. Nikasema nimelipigia maji ya mpira kutwa, halikupitisha hata tone.

Sikulipigia. Nilikosa nafasi. Lakini turubai ni turubai!

Mama akasema basi analala kwangu, mkono wa mkwewe anauamini. Bwana Vipimo alimeza mate. Siku tamu.

Jumapili, tarehe 4 Agosti

Balaa. Binti yangu alikuwa anasuuza ndoo, akamwaga maji juu ya hema. Mimi nilikuwa ndani, natandika kitanda cha bibi yake. Tone shingoni. La pili. Turubai lenyewe kavu kabisa. Maji yanapita kwenye matundu ya sindano! Na paa nililipiga mshono mara mbili, ili liwe imara. Yaani nimelitoboa mara mbili.

Ng'ambo ya ziwa kuna wingu. Dogo. Mke kauliza natazama nini. Nikasema ndege.

Dawa ni kumhamisha mama bila kusema sababu. Nikamwambia hema langu lina joto. Akasema joto ndilo alilolitaka daktari. Nikamwambia mlango unatazama upepo, hema la mwanyumba limekaa vizuri zaidi. Akasema wakwe wanyenyekevu kama mimi ni wachache, wengine kazi yao kujisifu. Alisema hivyo akimtazama Bwana Vipimo. Naona aibu kuandika, lakini nilifurahi.

Jumatatu, tarehe 5 Agosti

Wingu si dogo tena.

Mpango: nta. Kwenye kikapu cha jikoni kuna mishumaa sita. Nikisugua mishono yote kwa ndani, matundu yataziba na hakuna atakayejua. Mama alipokwenda kutembea ufukweni na mke wangu, nikaingia. Nilikuwa nimemaliza mshono mmoja na robo, mke akarudi kuchukua shali. Akanikuta nimesimama juu ya kitanda cha mama yake na mishumaa mikononi. Kauliza kulikoni. Nikasema nafukuza mbu. Kwa mishumaa isiyowaka? Nikasema mbu hawapendi harufu yake.

Hakucheka. Kasema njia ya mwongo ni fupi, na kama kuna kitu nimwambie sasa. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Kisha nikamsikia Bwana Vipimo nje, anawaeleza watoto jinsi mishono ya hema lake ilivyozibwa kwa gundi kiwandani. Nikayameza. Mke akaondoka na mishumaa yote.

Sijala chakula cha jioni. Nilisema tumbo.

Jumanne, tarehe 6 Agosti



Saa nane upepo ukaanza. Mama alikuwa amelala, kama kawaida yake baada ya chakula. Bwana Vipimo akasema mvua itafika kabla ya nusu saa, afadhali mama ahamishiwe kwenye gari. Mungu si Athumani! Nilitakiwa kunyamaza tu. Lakini akaongeza kwamba hema la fundi hatulijui. Watu wote wakanigeukia. Nikausikia mdomo wangu ukisema mama asisumbuliwe, hema hili hata ukungu haupiti.

Mdomo huu!

Mvua ikaja kwa kishindo. Nikakinyakua kitambaa cha plastiki cha mezani, nikakimbia nikapanda juu ya hema ili nilifunike paa. Nguzo ikakatika. Nikaanguka pamoja na hema, juu ya mama. Halafu nikakisikia kikohozi chini ya turubai. Kirefu, kisha kimya, kisha tena. Sijawahi kuogopa hivyo maishani. Nikapiga yowe kwamba linavuja, sikulijaribu, nimesema uongo, mtoeni mama wa watu! Bwana Vipimo akalipasua turubai kwa kisu, akambeba mama hadi kwenye gari. Mgongo wa mama wote ulikuwa umelowa. Mke wangu alipita kando yangu kama mtu anayepita nguzo ya umeme.

Mama amekohoa mpaka jua limezama.

Jumatano, tarehe 7 Agosti

Tumerudi mjini alfajiri, moja kwa moja hospitali. Daktari akakisikiliza kifua, mbele, nyuma, tena mbele. Mke kanishika mkono bila kujua kanishika. Kifua safi! Aendelee na dawa zake, apumzike.

Nililia kwenye korido, sikujificha. Nikamwapia mke kwamba sitasema tena nisilolijua. Nikamshukuru mwanyumba, tena kwa heshima zote. Mama mkwe akaniita kitandani, akanishika kichwa, akasema mwanangu mkono wako hauna kosa, aliyekuponza ni mdomo. Nikasema ndiyo mama. Nilimaanisha. Nimekuwa mtu mpya.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti

Mama anacheka, anakula, anataka turudi ziwani mwezi ujao. Safari hii watoto wataingia kwenye mashua. Bwana Vipimo kasema atawaazimia majaketi ya kuelea.

Awaazimie! Kwani mimi nimekufa?

Nimeshawapima vifua wote wanne, wakiwemo wana wa Bwana Vipimo. Kitambaa ni rangi ya machungwa, kinaonekana kutoka mbali. Ndani naweka sponji ya godoro kuukuu, nzuri, nyepesi ajabu. Mke kasimama mlangoni pa karakana, kauliza sponji si hunywa maji? Nikamwambia mabaharia wote duniani hutumia hiihii. Akauliza nimeyasikia wapi hayo. Nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kujibu.