Bageti Nene, Toli Nyembamba

Jumatatu, 3 Machi 1997
Landry, mwanafunzi mwenzangu wa garage, amevimba tena. Anatufundisha bageti za kusudira, vile vijiti vya kuchomelea chuma! Eti toli, bati ya mwili wa taxi, ni nyembamba, inataka bageti ya milimita mbili na nusu. Eti shasi ya camion ya mizigo ni nene, hiyo ndio inataka ya ine. Mi nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Ndani nilicheka. Fundi gani anaogopa bageti nene? Kinene kinashika kuliko chembamba, hata mutoto anajua!

Patron Chabani, mwenye garage, amesema Jumamosi atachagua nani kati yetu atashika maski ya kusudira. Mwingine atabaki na brosi ya kutu. Mi niko na brosi miaka miwili. Inatosha!

Jumanne, 4
Sababu ya ambargo, nchi jirani zimetufungia mipaka, bageti ndogo zimebaki kumi tu. Buyenzi nzima hakuna. Nimezificha juu ya paa ya choo. Kesho Landry atapewa taxi ya Gaspard. Atazitafuta. Atalia!

Jumatano, 5
Landry kapewa camion. Taxi kanipa mi, patron, eti anipime. Na bageti za ine tu! Sawa, zenye nguvu. Nikagusa mulango: tundu. Nikaziba tundu: tundu kubwa. Nikaziba tena, mukono wangu ukapita mupaka kwa kiti. Gaspard akauliza kama nimepitisha gari yake Kamenge kwenye vita, ikapigwa risasi. Batu wote wakacheka. Landry apana. Anajifanya mutakatifu!

Alhamisi, 6
Mvua usiku kucha. Nikashusha zile ndogo: zimelowa chapachapa. Nikajaribu moja, inatema mate tu, haishiki. Landry akaniona. Akazipanga juu ya mbabula ya makaa zikauke, akamwambia patron ni yeye alizisahau mvuani. Munafiki gani huyu!

Jumamosi, 8
Maski imeenda kwa Landry. Lakini ameniombea. Patron amesema Jumatatu nikiziba ule mulango vizuri, tutapokezana maski. Nikiharibu, nirudi kwetu Mutakura, nisionekane tena.

Landry ameniachia bageti ndogo ine, kavu kabisa. Ananiona mujinga! Nimempa jirani Zubeda, afungie banda ya kuku.

Mi nimechunguza kosa langu mwenyewe. Ile ya ine ilikuwa nyembamba. Leo nimetembea mupaka Bwiza, nimepata ya tano.

Jumatatu watanijua.