Fomu ya Kuomba Ruhusa ya Kufikiri

Ilitangazwa Januari ya 1996, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya pikapu ya serikali, kutoka Suna hadi Masara, kwamba kuanzia Jumatatu wanafunzi wote watafikiri wenyewe. Asiyefikiri mwenyewe kufikia saa nne asubuhi angeadhibiwa.

Mwenye mpango huo alikuwa Nicodemus Ombati, Afisa Msimamizi wa Fikra za Wanafunzi. Jamani, bwana huyu aliipenda kazi yake. Mpango ukifaulu angepandishwa cheo, ahamie Kisumu, na mkewe alikwisha kuchagua mapazia. Ili fikra zisizurure kama mbuzi wa sokoni, alitunga fomu ya kuomba ruhusa ya kufikiri, nakala tatu. Akaongeza na sheria: wazo likishapigwa muhuri litatekelezwa ndani ya siku kumi na nne, wala hakuna wa kulifuta, hata afisa mwenyewe. Sheria hiyo aliitunga akiwa na njaa ya saa saba, na aliionea fahari sana.

Fomu zikaja kwa magunia. Truphena, karani wake, alisoma mbili tatu, akaguna.

"Bosi, hizi si tuzisome kwanza?"

"Truphena mama, kazi ya mtoto ni kufikiri. Kazi ya ofisi ni kupiga muhuri. Usichanganye idara."

Akapiga. Kufikia Ijumaa bega lilikuwa linamuuma, na ripoti ikapanda Kisumu: mawazo elfu nne, yote yameidhinishwa, hakuna lenye kasoro.

Jibu lilirudi upesi ajabu. Nicodemus alifungua bahasha huku akiwaza ni ng'ombe yupi wa kuchinja siku ya kuagwa. Wakubwa walimpongeza. Walikuwa wamechagua wazo bora kuliko yote, la Scovia wa darasa la saba, Masara: "Kama tunajifunza kufikiri bila kusimamiwa, ofisi ya kutusimamia ifungwe, na chumba chake kiwe maktaba." Chini yake, muhuri wa Nicodemus, umekaa sawa kabisa. Kuhusu cheo, barua ilisikitika kwamba msimamizi wa ofisi isiyokuwepo hawezi kupandishwa.

Alifika Masara na vumbi lake lote. Scovia alikuwa nje ya darasa, anasoma.

"Nyathina, mwanangu," akamwita kwa upole ambao hata yeye ulimshangaza, "hili wazo ulisaidiwa na nani?"

"Hakuna, mwalimu. Fomu ilikataza."

"Sasa, huwezi kulifikiria tena kidogo?"

Msichana alimwonea huruma, huruma ya kweli. "Naweza. Lakini lazima nijaze fomu ingine, na wa kupiga muhuri hayuko."

Nicodemus akarudi ofisini kwake Suna kuchukua angalau kiti chake. Mlango ulikuwa wazi, watoto wamejaa mpaka dirishani, na kwenye kiti kile ameketi Truphena, anaandika majina ya vitabu.

"Karibu, Bosi," akasema bila kuinua kichwa. "Lakini hapa tunasoma kwanza."